Ukishang'oa marumaru ya zamani, usikimbilie kupiga niru: somo la ghala lililonifundisha adabu

 

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea. Nataka tuongee kuhusu sakafu. Najua baadhi yenu mtacheka na kusema bwana shamba ameishiwa mada, sasa ameingia kwenye kazi ya mafundi. Ni kweli, stashahada yangu ni ya kilimo, si ya ujenzi. Lakini mahindi uliyoyahangaikia shambani miezi minne yanaweza kuharibiwa na sakafu mbovu wakati wewe umelala unasubiri bei ipande. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tena lilitokana na ushauri wangu mwenyewe, ndiyo maana naliandika.

Siku hizi vijijini kwetu watu wengi wanakodi vyumba vya maduka ya zamani na kuvigeuza maghala. Vyumba hivi mara nyingi vina marumaru, au vigae kama wengine mnavyoita, yaliyopasuka na kubanduka. Mpangaji anayang'oa, anapiga niru juu, anapanga magunia. Kama wewe ni mmoja wao, au unapanga kuwa mmoja wao, soma hadi mwisho kabla hujanunua mfuko wa saruji.

Ilivyokuwa

Katika kata ninayofanyia kazi, hapa bonde la Kilombero, kuna mama mmoja anayenunua mahindi na mpunga wakati wa mavuno na kuuza baadaye bei ikipanda. Ni mtu mzima, ana umri wa kunizaa. Mwaka ule alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akakodi chumba cha mita tatu kwa nne kilichokuwa duka. Akaniita nikakione.

Nilifika jioni, nimechoka, pikipiki ikiwa na mafuta kidogo, nami nina kikao kijiji cha pili. Nilikanyaga yale marumaru, nikasikia mengine yanacheza chini ya kiatu. Kwenye viungio kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Niliuona kabisa ule unga, lakini sikujiuliza umetoka wapi.

"Shikamoo mama. Hapa pazuri," nikamwambia. "Waambie mafundi wang'oe haya marumaru, wapige niru, sakafu itakuwa safi. Utakuwa na ghala."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo nikishapiga niru nipange tu?"

"Panga tu, mama."

Nikawasha pikipiki nikaondoka. Sikukaa pale hata dakika kumi.

Fundi akang'oa, akafagia, akapiga niru nyembamba juu ya mabaki ya gundi. Baada ya wiki mbili mama akapanga magunia 60, tabaka nne, ya chini yakiwa yamelala moja kwa moja kwenye sakafu na mengine yameegemea ukuta. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, kila kitu kikavu.

Mvua zilianza Desemba. Januari bei ikapanda, mnunuzi akaja na lori. Vijana walipofika tabaka la chini, magunia yakawa yanagoma kunyanyuka, yamenata. Walipoyavuta, niru ikabanduka pamoja nayo kama ngozi ya kidonda. Chini kulikuwa na unyevu. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, mengine ya kijani, mengine meusi, yananuka uvundo. Magunia 15 ya chini yote yalikwenda, na manne ya tabaka la pili. Mnunuzi aliposikia ile harufu akapunguza bei hata ya yale mazuri.

Mama alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, njoo uone." Siku zote aliniita mwanangu, siku ile aliniita bwana shamba.

Nilipofika alikuwa na swali moja. Kulikuwa na mtu tayari kununua yale yaliyooza kwa bei ya kutupa, akachanganye kwenye chakula cha kuku. Mwingine alitaka ya kutengenezea pombe. Angalau angerudisha sehemu ya mkopo. Alitaka nimwambie kwamba inafaa.

Ndugu zangu, hapo ndipo pagumu. Mimi ndiye niliyesema "panga tu", na mimi huyohuyo ndiye niliyetakiwa kusema "usiuze". Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika, kwa kukoboa kidogo wala kwa kutengeneza pombe. Kuku akila, inamdhuru, na nyingine inaweza kupita hadi kwenye yai na ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa sababu ya sumu hii. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2004, ilishaua watu 125. Nilimwambia mama tuyafukie. Tukachimba shimo mbali na kisima, tukafukia magunia 19. Alisimama pembeni akiangalia, kanga mdomoni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kikao cha kikundi chao bila kuitwa. Nikawaeleza wanachama kuwa mama hakufanya uzembe, alifuata ushauri wangu, na ushauri ulikuwa mbovu. Wakamwongezea muda wa kurejesha mkopo. Mimi nikaahidi kununua saruji ya kutengeneza ile sakafu upya, na safari hii nikatafuta mtu anayejua. Ni fundi mzee aliyejenga majengo mengi hapa katani. Nitakayoyaeleza hapa chini ni mambo aliyonifundisha yeye, pamoja na yale niliyoyahakiki mwenyewe tulipokuwa tukifanya kazi.

Swali la kwanza: kwa nini yalibanduka?

Fundi mzee aliingia, akachuchumaa, akagusa ule unga mweupe ukutani, akaniuliza: "Bwana shamba, mmea ukinyauka, wewe unang'oa tu unapanda mwingine palepale?"

Nikasema hapana, naangalia mzizi kwanza.

"Basi na sakafu ni hivyohivyo."

Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka uondoke nalo leo. Marumaru yanayobanduka ni dalili. Ugonjwa uko chini yake. Ukiyang'oa na kufunika bila kujua sababu, umeufunika ugonjwa.

Sababu za kawaida ni hizi:

1. Unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ule unga mweupe ni chumvi zinazoachwa maji yanapopanda kwenye zege na kukauka juu. Majengo mengi ya zamani hayakuwekewa nailoni chini ya sakafu.
2. Maji ya nje. Paa halina mfereji, maji yanadondoka kwenye msingi, au uwanja wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani.
3. Sakafu yenyewe imepasuka au imetitia.
4. Fundi wa kwanza alibandika marumaru juu ya vumbi, au aliweka gundi kwa mabonge badala ya kuieneza yote.

Kwa mama, sababu zilikuwa ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Ungeuliza mapema ungezijua kwa dakika kumi, zile ambazo mimi sikuzitoa.

Kung'oa bila kujiumiza

Anza na kipande kinachocheza, au kilichopo mlangoni ambapo una ukingo. Tumia tindo na nyundo. Ilaze tindo, isisimame wima. Ukiisimamisha unachimba zege la chini na kujiongezea kazi ya kuziba mashimo.

Kipande cha marumaru kilichovunjika kinakata kama chupa. Vaa viatu vya kufunika mguu, miwani na glavu. Watoto wasiwepo. Nyunyiza maji kabla ya kuvunja na kabla ya kufagia, kwa sababu vumbi la saruji na marumaru lina silika, na silika ikiingia mapafuni mara kwa mara inaleta ugonjwa usiopona. Kitambaa puani hakitoshi. Tafuta barakoa nzuri. Usitumie grinda kavu kwenye chumba kilichofungwa.

Tahadhari nyingine: kama si marumaru ya udongo bali ni vipande vyembamba vya plastiki ngumu vilivyogandishwa kwa gundi nyeusi, kwenye jengo la zamani sana, usivikwangue wala kuvisaga. Baadhi ya vile vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Hivyo ni salama zaidi vikiachwa vilivyo na kufunikwa.

Vifusi usivitupe shambani wala njia ya ng'ombe. Vifukie, au vitumie kujazia msingi wa kibaraza.

Gundi na uchafu lazima vitoke

Hapa ndipo fundi wa kwanza wa mama alipokosea, na wengi wanakosea. Ukishang'oa, sakafu inabaki na michirizi ya gundi au saruji ya zamani. Niru ikiwekwa juu ya hiyo, inashika gundi, haishiki sakafu. Gundi ikiachia, na niru inaachia.

Kwangua kwa patasi pana mpaka uone zege lenyewe. Kisha sugua kwa brashi ya waya na maji, ufagie tope lote nje. Usitumie petroli wala mafuta ya taa kulainisha gundi. Kwanza ni hatari ya moto. Pili harufu inabaki ndani ya zege, na nafaka inaivuta. Nani atanunua mchele unaonuka mafuta ya taa?

Kujua kama umesafisha vya kutosha, dondoshea maji kidogo sehemu mbalimbali. Maji yakinywewa na zege likawa jeusi, pako tayari. Yakikaa juu kama umande kwenye jani la magimbi, bado kuna gundi au mafuta. Rudia.

Gonga, pima, ziba

Chukua nyundo ndogo, tembea chumba kizima ukigonga taratibu. Sakafu nzima inatoa sauti ya kukaza. Iliyoachia inatoa sauti ya debe tupu. Zungushia chaki kila mahali penye sauti ya debe, kisha vunja pale na uondoe. Usimwonee huruma huyo, akibaki, atakuangusha.

Nyufa zitanue kwa tindo ziwe pana kidogo, toa vumbi, lowanisha, ziba kwa saruji moja na mchanga tatu. Kama una wasiwasi kuwa ufa bado unaendelea kufunguka, chora mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe, uangalie baada ya wiki kadhaa. Ukiona mistari imepishana, msingi bado unatembea. Huo sasa ni wa kuonyesha fundi wa msingi, siyo wa kuziba.

Kisha laza ubao ulionyooka wa mita mbili, uangalie mabonde. Ghala halihitaji kuwa kama meza ya hoteli, lakini bonde linakusanya maji na magunia yanakaa upande.

Kipimo cha nailoni

Hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kingemwokoa mama. Kata nailoni inayoonyesha, nusu mita kila upande. Ibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Iache usiku na mchana mzima, usiingize moto wala jua. Weka vipande vitatu: katikati, kwenye kona, na karibu na ukuta wa nje.

Ukifungua ukakuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, unyevu unapanda. Ukikuta pakavu wakati wa kiangazi, usishangilie bado. Pima tena mvua zikianza, au uliza majirani kama vyumba vyao vinatoa jasho masika. Sakafu ya mama ingeweza kuonekana kavu mwezi wa saba. Ilionyesha tabia yake Januari.

Ukikuta ni kavu

Una bahati. Chokoachokoa uso wa zege kwa tindo ili uwe na makwaruzo. Lowanisha jana yake, lakini siku ya kazi pasiwe na dimbwi. Paka uji wa saruji na maji kwa brashi, na kabla haujakauka mwaga mchanganyiko wa saruji moja na mchanga nne, unene wa sentimita 2.5 hadi 4. Uji ukikauka kabla ya kumwaga, unakuwa kama unga wa mtelezo. Kwa hiyo paka sehemu ndogo, mwaga, endelea.

Ukikuta ina unyevu

Hapo usijaribu kushikanisha. Kwanza shughulikia maji ya nje. Sisi tulichimba mtaro nyuma ya chumba, tukashusha udongo uliokuwa umeupanda ukuta, na mama akaweka mfereji wa bati kwenye paa. Bila hivyo unapigana na mvua kwa mwiko.

Ndani tulisawazisha sakafu, tukaondoa kila chembe yenye ncha, tukatandika nailoni nyeusi nzito ya ujenzi, ile ya geji 1000. Panapounganika, nailoni ilale juu ya nyingine sentimita 30 na ifungwe kwa selotepu. Pembeni ipande ukutani kupita unene wa sakafu mpya. Ikitoboka, ziba kabla hujamwaga.

Juu ya nailoni sakafu mpya haishikani na ya chini, kwa hiyo isimame kwa uzito wake. Isipungue sentimita 5. Ukipiga nyembamba itapasuka kama chapati kavu. Kumbuka pia mlango: sentimita 5 zikipanda, mlango hautafunguka. Sisi tulikata mlango chini kwanza, ndipo tukamwaga.

Hesabu ya vifaa kwa chumba cha mita 3 kwa 4, unene sentimita 5:

Saruji mifuko mitano ya kilo 50.
Mchanga ndoo 35 za lita 20.

Njia rahisi ya kukumbuka: mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kila mfuko unakwenda na ndoo saba za mchanga. Pima kwa ndoo, siyo kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana, kijana akiwa na njaa, havilingani.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe zinazokwaruza mkono. Weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine. Maji yasizidi, ukikamata mchanganyiko mkononi ushikane bila kuchuruzika. Mchanganyiko wa majimaji ni rahisi kusambaza lakini unapasuka na kutoa vumbi maisha yake yote.

Subira

Ukishamwaga, usikanyage siku tatu. Funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni, umwagilie siku saba. Saruji haipati nguvu kwa kukaushwa haraka. Inapata nguvu kwa kunywa maji taratibu, kama mche uliohamishwa kitaluni.

Halafu ndipo iachwe ikauke, na hapa ndipo wengi tunashindwa. Kwa makadirio ya mafundi, kila sentimita 2.5 zinahitaji kama mwezi mmoja kukauka. Sentimita 5 ni miezi miwili. Sakafu inaweza kuwa ngumu kiasi cha kubeba lori na bado ikawa na maji ndani yake. Mama alipanga magunia wiki mbili baada ya niru ya kwanza, kwa ruhusa yangu.

Mara ya pili tulimwaga mwanzoni mwa Juni. Katikati ya Julai tukapima kwa nailoni: matone. Mwisho wa Julai: matone machache upande wa ukuta. Mama alikuwa na magunia yamepangwa sebuleni kwake juu ya mbao, wajukuu wanalala kwa shida, na kila tukikutana ananiuliza, "Bado tu?" Nami najibu, "Bado mama." Haikuwa rahisi kusema. Safari hii alikuwa na haki ya kutoniamini. Katikati ya Agosti tukafungua nailoni zote tatu, pakavu. Akapitisha kiganja chake sakafuni, akakinusa. Kisha akasema waite vijana.

Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Kama unataka ghala mwezi wa nane, sakafu imwagwe isizidi mwanzo wa mwezi wa sita. Usisubiri mahindi yawe yamesimama mlangoni ndipo umtafute fundi.

Sakafu nzuri bado inahitaji chaga

Hata sakafu bora usilaze gunia juu yake. Panga juu ya chaga, kimo cha sentimita 10 hadi 15, hewa ipite chini. Chaga za mbao za kiwandani ni ghali, lakini milunda au mianzi juu ya matofali inafanya kazi hiyohiyo. Acha nafasi ya kupita kati ya magunia na ukuta, angalau nusu mita, ili uweze kukagua na kuona panya na fukusi mapema.

Na nafaka yenyewe iwe kavu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna mashine, tumia chumvi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mahindi theluthi ya chupa, chumvi kavu kijiko kimoja au viwili. Tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe turubaini. Gunia bichi linaoza hata juu ya chaga ya dhahabu.

Kama huna pesa ya yote haya

Najua wapo watakaosema, bwana shamba, mifuko mitano ya saruji naitoa wapi? Basi fanya haya: ng'oa marumaru yaliyoachia, safisha, ziba mashimo na nyufa panya wasipite, tengeneza mtaro wa nje, tandika nailoni nzito kavu, weka chaga juu yake, kagua kila wiki. Sakafu haitapendeza, lakini mahindi hayali urembo. Ghala baya lenye chaga na mtaro ni bora kuliko ghala la niru inayong'aa lenye magunia chini.

Neno la mwisho

Mama aliuza mzigo wa mwaka uliofuata wote, hakupoteza gunia hata moja kwa unyevu. Lakini magunia 19 hayakurudi, na mkopo ule alimaliza kulipa kwa kuuza ng'ombe mmoja. Saruji niliyonunua mimi haikufikia hata robo ya hasara yake. Siwezi kujisifu kwa kutengeneza nilichoharibu.

Ninachoweza kufanya ni hiki. Siku hizi nikiitwa kuangalia ghala, nazima pikipiki, naingia, nachuchumaa, nagusa sakafu, nauliza maji ya paa yanakwenda wapi. Kama sijui, nasema ngoja nimuulize fundi. Na wewe, mtaalamu yeyote akikupa jibu kabla hajashuka kwenye pikipiki, hata kama ni mimi, mwambie: "Shuka kwanza, bwana shamba."

Kila la heri katika maandalizi ya mavuno. Tukutane wiki ijayo tuongee kuhusu kukausha mpunga bila kuuvunja.